Mashine Haijazeeka, Imekimbizwa

Jamani, leo naanza na ugomvi moja kwa moja. Nimechoka na neno "imezeeka."

Video ikikwamakwama kwenye kompyuta, utaambiwa imezeeka. Picha ikivunjika vipande vya kijani na kijivu, imezeeka. Sauti ikitangulia midomo ya msemaji, imezeeka. Unaenda kwa fundi na malalamiko matatu yasiyofanana hata kidogo, unarudi na jibu moja. Halafu zinafuata tiba tatu ambazo kila mkazi wa Dar es Salaam mwenye kompyuta anazijua kama anavyojua vituo vya daladala yake: tupige Windows upya, tuongeze RAM, au dada yangu achana nayo hiyo, nina nyingine hapa nakufanyia bei ya kishkaji.

Hivi ni mganga gani huyu anayetoa dawa kabla mgonjwa hajafungua mdomo?

Ninachodai mimi ni kidogo sana. Video inapogoma kwenye mashine ya zamani, kuna chanzo. Chanzo hicho kinatafutika, kinaonekana kwa macho, na kukitafuta hakugharimu zaidi ya jioni moja na subira. Anayekuambia uruke hatua hiyo anakuuzia kitu. Na kuna kundi la pili ambalo nalo sitaliacha lipite leo: vijana wenzangu wapenda kasi, wanaoamini kwamba dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta ni kuilazimisha prosesa ikimbie kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Wenyewe wanaita ovakloki. Mimi nitaita kukimbiza mashine, maana ndicho kinachofanyika.

Sasa nikupe kisa chenyewe ili usiseme napiga soga.

Ninafanyia kazi kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel Core i5-2500K. Prosesa hii ilitoka Januari 2011. Ina viini vinne, na kasi yake ya kiwandani ni gigahezi 3.3. Ile herufi K mwishoni ina maana kwamba kiwanda kiliacha kizidishio cha kasi bila kufuli, kwa hiyo mwenye mashine anaweza kuingia kwenye BIOS na kupandisha namba. Watu dunia nzima waliipandisha mpaka 4.5 na ikawabeba miaka mingi, ndiyo maana hadi leo ukiitaja mbele ya wapenda mashine wanaitaja kwa heshima kama mchezaji mpira aliyestaafu.

Mashine hiyo niliinunua ikiwa imetumika. Muuzaji aliisifia kwamba ni "ya moto sana," na ukweli ilikuwa ya moto, kwa maana zote mbili. Kitu ambacho hakukisema, na ambacho hakikuandikwa kwenye risiti wala kwenye karatasi aliyoibandika kwenye boksi, ni kwamba ilikuwa imekimbizwa. Ndani ya BIOS prosesa ilikuwa 4.5. RAM nayo ilikuwa imesukumwa: vijiti vyenye maandishi ya 1333 vilikuwa vinaendeshwa kwa 1866. Prosesa yenyewe, kwa maelezo ya Intel, inaahidi kufanya kazi na RAM ya hadi 1333. Kila kinachozidi hapo ni bahati yako.

Kwa mtu anayeandika barua na kusikiliza muziki, bahati hiyo inaweza kudumu miaka. Mimi kazi yangu ni nyingine. Nililetewa video ya mkutano wa kijiji wenye mgogoro wa mpaka wa ardhi. Imepigwa kwa simu ya kisasa, dakika ishirini na kitu. Katikati yake kuna mzee anainua karatasi yenye mihuri mbele ya kamera, anaishika pale kwa sekunde kama nne, kisha anaikunja. Sekunde nne hizo ndizo habari yenyewe. Na kwenye mashine yangu, sekunde nne hizo zilikuwa tope la kijivu.

Fikiria uko mahali pangu. Je, faili limeharibika lilipokuwa linanakiliwa? Je, kuna mtu amelichezea kabla halijanifikia? Au mashine yangu ndiyo inayonidanganya? Haya ni maswali matatu na kila moja linakupeleka njia yake. Ukiwa mwandishi wa habari huwezi kwenda kwa mhariri na kusema "karatasi haisomeki" kabla hujajua ni nani amefanya isisomeke.

Fundi niliyempelekea hakuuliza hata video imetoka wapi. Aliangalia boksi, akauliza ni ya mwaka gani, akacheka, akaanza kutafuta flashi yake ya Windows. Alikuwa tayari kufuta diski iliyobeba ushahidi wa watu ili kutibu ugonjwa asioujua! Nikabeba mashine yangu nikarudi nayo nyumbani.

Sasa tufanye kazi ambayo yeye alitakiwa kuifanya.

Jambo la kwanza ni kutofautisha magonjwa. Video inayokwama na video inayovunjika ni vitu viwili, kama homa na jeraha. Kukwama maana yake mashine haiwahi kumaliza hesabu za fremu moja kabla muda wa fremu inayofuata haujafika, hivyo inaziruka nyingine. Picha inakuwa safi lakini inaruka kama sinema ya zamani. Kuvunjika maana yake hesabu zimefanyika na zimetoa jibu la uongo, au data iliyoingia ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Hapo ndipo unaona vipande vya kijani, sura za watu zilizoyeyuka, mistari.

Kwa nini tope lile linakaa sekunde kadhaa kisha linatoweka ghafla? Kwa sababu video haihifadhi picha nzima kila mara. Inahifadhi picha moja kamili, halafu kwa fremu nyingi zinazofuata inaandika mabadiliko tu: mkono umesogea hapa, kivuli kimehamia pale. Kosa moja likiingia kwenye fremu moja, zinazofuata zinajengwa juu ya kosa lile lile mpaka picha kamili nyingine ifike na kusafisha. Biti moja tu iliyogeuka inaweza kukuchafulia sekunde kadhaa za ushahidi.

Basi swali la msingi ni hili: je, video inavunjika mahali pale pale kila unapoicheza? Cheza mara tatu, andika dakika na sekunde kwenye karatasi. Ikivunjika pale pale kila mara, na kwenye mashine ya jirani pia, mtuhumiwa ni faili. Ikivunjika kila mara mahali tofauti, faili ni safi na mashine yako ndiyo inayokosea hesabu. Yangu ilivunjika mara ya kwanza kwenye ile karatasi, mara ya pili dakika tatu kabla yake, na mara ya tatu karatasi ikapita bila doa, nikaona mihuri kwa macho yangu, kisha uso wa mwenyekiti wa mkutano ukayeyuka. Faili lile lile, masaa yale yale.

Kuna jaribio jingine dogo ninalolipenda: picha ikiwa imevunjika, simamisha video na upige picha ya skrini, kisha itume kwenye simu. Kasoro ikionekana kwenye simu, imezaliwa ndani ya kompyuta. Isipoonekana, mara nyingi tatizo liko njiani kwenda kwenye kioo, yaani waya au kioo chenyewe. Ni watu wangapi wamepigiwa Windows upya kwa sababu ya waya wa HDMI uliolegea? Sina takwimu, lakini ninao marafiki.

Halafu lipo jaribio ambalo kila mwandishi, kila mwanasheria na kila mtu anayetunza kumbukumbu za watu angepaswa kulijua. Chukua faili kubwa, kubwa kuliko RAM yako, na uiambie kompyuta itoe alama yake ya SHA-256. Kwenye Windows programu ya certutil imo ndani tayari, kwenye Linux ni sha256sum. Alama hiyo ni kama alama ya kidole: faili lile lile lazima litoe alama ile ile, leo, kesho na mwakani. Fanya mara mbili. Mimi nilipata alama mbili tofauti kwa faili moja ambalo hakuna aliyeligusa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza hasa. Maana mashine inayosoma vibaya inaandika vibaya pia. Kila nilichonakili kutoka kadi ya kamera kwenda diski kilipita kwenye RAM ile ile. RAM ya kawaida ya nyumbani haina utaratibu wa kujisahihisha kama ile ya seva. Ikikosea inakaa kimya. Hakuna kengele, hakuna ujumbe mwekundu. Muuzaji aliyenipa mashine "ya moto" alinipa mashine inayoweza kubadilisha ushahidi bila mimi wala yeye kujua, ili tu namba kwenye boksi ionekane nzuri.

Niliingia BIOS nikarudisha kila kitu kwenye mipangilio ya kiwandani. Nikawasha MemTest86+, programu ya bure inayopima RAM kabla hata Windows haijaanza, nikaiacha usiku kucha. Kwa 1866 ilikuwa imetoa makosa ndani ya dakika chache. Kwa 1333, asubuhi ilikuwa sifuri. Nikarudia jaribio la alama ya kidole mara tano, zikafanana zote tano. Video ikacheza bila tope, karatasi ya mzee ikaonekana, na nikainakili upya kutoka kwenye kadi ya awali.

Lakini, na hapa ndipo wapenda kasi wananiruka kooni, video bado ilikuwa inakwama!

"Unaona sasa," akaniambia rafiki mmoja, kijana mzuri tu ila ana ugonjwa wa kasi. "Umeirudisha 3.3, lazima ikwame. Ipandishe tena, tafuta hata 4.8."

Tupige hesabu kidogo, hesabu ya darasa la saba. Simu iliyopiga video ile inarekodi kwa 4K, fremu 60 kwa sekunde. Mashine ya 2011 ilizaliwa zama za 1080p, fremu 25 au 30. Picha ya 4K ina pikseli mara nne ya 1080p, na fremu 60 ni mara mbili ya 30. Nne mara mbili ni nane. Kazi imeongezeka mara nane. Kutoka 3.3 kwenda 4.5 umeongeza asilimia 36. Unamwongezea mbeba mizigo andazi moja asubuhi, kisha unamtwisha magunia manane badala ya moja, akikwama unasema tatizo ni andazi lilikuwa dogo.

Na bado sijagusa kodeki, ambayo ndiyo kiini cha kukwama. Kodeki ni namna video inavyokandamizwa. Ile ya zamani, H.264, ilipitishwa mwaka 2003, na kadi za picha pamoja na prosesa za mwaka 2011 zina sehemu maalumu ya kuifungua bila kuisumbua prosesa nzima. Simu za kisasa nyingi hurekodi kwa H.265, iitwayo pia HEVC, iliyopitishwa 2013. iPhone zilianza kuitumia kama chaguo la kawaida kwa iOS 11 ya mwaka 2017. Prosesa ya 2011 haina sehemu ya kuifungua HEVC kwa sababu ilipotengenezwa HEVC ilikuwa haijakamilika. Kwa hiyo inafungua kwa nguvu za mikono, kiini kwa kiini, jasho linatoka. Unaweza kuikimbiza mpaka iungue, sehemu isiyokuwepo haitaota.

Ukitaka kuhakikisha, fungua video kwa VLC, bonyeza Ctrl na J. Utaona jina la kodeki, na kwenye ukurasa wa takwimu utaona fremu zilizopotea zikihesabiwa mbele ya macho yako. Hiyo ndiyo namba ambayo fundi wako anatakiwa kukuonyesha kabla hajataja bei. YouTube nayo inayo: bofya kulia juu ya video, chagua "Stats for nerds", soma.

Dawa ya kukwama? Haina hata senti. Unachukua HandBrake, programu ya bure, unatengeneza nakala ya H.264 ya 720p kwa ajili ya kutazama na kuandikia, na faili la awali unalitunza bila kuligusa kwa ajili ya ushahidi. Ilichukua muda mrefu, nikaiacha ikifanya kazi nimelala. Asubuhi mkutano mzima ulicheza kama maji. Watu wa televisheni wanafanya hivyo kila siku na mashine za mamilioni, wanaita nakala za kazi, wala hawaoni aibu.

Na hapa niseme neno kuhusu WhatsApp, maana nimelisikia mara nyingi: "Mbona nikiituma WhatsApp inacheza vizuri?" Inacheza vizuri kwa sababu WhatsApp imeikandamiza upya na kuipunguza. Umepata video laini, umepoteza mihuri kwenye karatasi. Usifanye hivyo na ushahidi, tafadhali.

Kuna kukwama kwingine ambako si ugonjwa kabisa, na kunawalisha mafundi bure. Kamera zetu nyingi za habari huku zinapiga fremu 25 kwa sekunde. Kioo cha kompyuta kwa kawaida kinajichora upya mara 60 kwa sekunde. Gawa 60 kwa 25 upate 2.4. Fremu haiwezi kuonyeshwa mara 2.4, hivyo nyingine zinakaa mara mbili, nyingine mara tatu, na kamera ikigeuka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia unaona mshtuko mdogo mdogo. Kwenye mashine mpya ya bei mbaya utauona pia. Ukiweza kukiweka kioo kwenye hezi 50 au 75, mshtuko unaisha, kwa sababu 25 inaingia humo bila baki. Vioo vingi vinakubali 75. Ni mbofyo mmoja kwenye mipangilio ya skrini.

Wapenda kasi watasema ninawaonea, kwamba ovakloki ni sanaa na wanaoijua wanapima saa nyingi kabla ya kuiamini. Wanaoijua, sawa. Nawavulia kofia. Lakini hata wao wanajua mambo ambayo wauzaji wetu hawataki kuyasikia. Mwezi Agosti 2013, HWBOT, mtandao unaoorodhesha rekodi za mbio hizi duniani, ulikataa matokeo ya Windows 8, kwa sababu mtu akibadilisha kasi ya msingi mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, saa ya kompyuta nayo ilikuwa inapotoka na kutoa alama za uongo. Yaani mabingwa wenyewe walikataa mashine isiyojua saa ngapi. Sisi tunauziwa mashine isiyojua kuhesabu na tunaambiwa ni ya moto.

Halafu kuna joto. Nguvu inayoliwa na prosesa inapanda kwa kasi na kwa volteji mara volteji. Ukitoka volti 1.2 kwenda 1.35, na kasi 3.3 kwenda 4.5, fomula inakupa ongezeko la takriban asilimia 70 mashine inapokuwa kazini. Wanaoandika miongozo ya kukimbiza mashine wengi wanakaa nchi ambazo chumba kina nyuzi 20 na hakina vumbi. Wewe uko Tandika, nyuzi 32, dirisha wazi, feni imejaa vumbi la barabarani, na umeme unapanda na kushuka. Prosesa ikipata joto kupita kiasi inajipunguza kasi yenyewe ili isife. Umeikimbiza, imechoka, inatembea. Unapata kukwama ambako hakukuwepo ulipoiacha kama ilivyotoka kiwandani. Kupuliza vumbi na kuweka pasta mpya ya joto kumewahi kutibu video nyingi kuliko kupiga Windows, hilo nitalisimamia popote.

Nisiwaonee mafundi peke yao. Wakubwa nao wana mkono wao. YouTube inatumia VP9, iliyokamilishwa 2013, na AV1 iliyotoka 2018, kwa sababu zinapunguza data inayosafirishwa. Mzigo uliotoka kwenye mitambo yao umehamia kwenye prosesa yako. Kwenye Firefox unaweza kuzima AV1 na VP9 ndani ya about:config, ukaletewa H.264 na mashine ya zamani ikapumua, ingawa utaishia 1080p. Ila niseme ukweli wote: H.264 inakula kifurushi zaidi kwa ubora ule ule. Kwa mtu anayenunua data ya siku, hii si dawa ya bure. Kuna siku mimi naacha VP9, nashusha video mpaka 480p, maisha yanaendelea.

Na Microsoft wakafunga mlango. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha yao ya prosesa za Intel zinazokubalika kwa Windows 11, ukiacha chache, inaanza na kizazi cha nane, cha mwaka 2017. Mashine yangu inayopiga kazi safi ikatangazwa takataka kwa tarehe ya kalenda. Linux inaingia humo bila kelele. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizojulikana kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tunajua sehemu ya zile nyingine zinaishia wapi, ziko nyuma ya nyumba zetu, vijana wanachoma waya kupata shaba.

Fundi atanijibu, "Dada, mimi nina watoto, siwezi kukaa usiku kucha napima RAM ya mtu kwa elfu kumi." Hoja hiyo naikubali nusu. Basi toza upimaji! Sema, kupima ni shilingi kadhaa, urudi kesho. Nitalipa. Nitalipa kwa furaha kuliko ninavyolipa kupigiwa Windows ambayo haikuwa na kosa. Na ukishapima ukaniambia kapasita za mazabodi zimevimba, au kadi ya picha inachora mistari hata kwenye BIOS, nitakuamini, maana hapo kweli mashine imekufa na itabidi tuizike. Zipo zinazokufa. Ninachokataa ni cheti cha kifo kinachoandikwa kwa kuangalia mwaka wa kuzaliwa.

Kwa muuzaji wa mashine zilizotumika sina lugha laini. Kuuza kompyuta iliyokimbizwa bila kusema ni sawa na kuuza gari lililorudishwa kilomita. Andika kwenye risiti: prosesa gani, kasi ya kiwandani, kasi niliyoiweka mimi, RAM inaendeshwa kwa ngapi. Ni mstari mmoja.

Na wewe mnunuzi, akikataa kuandika, mwombe aiwashe hapo hapo dukani. Bonyeza Delete kabla Windows haijaanza, kwenye baadhi ya mashine ni F2, utaingia BIOS na namba zote ziko ukurasa wa kwanza au wa pili. Akikuzuia kushika kibodi, duka la jirani liko wazi mpaka saa kumi na mbili.